Fedha Nyembamba ya Glogów

Mayai yalikuwa yakitokota kwenye jiko la umeme, na Candide alisimama karibu nayo kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Hakuyapika kwa ajili ya watu. Watu wa karakana ile ya Doornfontein, Johannesburg, walikuwa wameshakula ugali na maharage yao, na vyombo vilishaoshwa. Mayai haya yalikuwa ya fedha.

"Mama Alain," Mwadini alimwita kutoka kwenye fuawe lake, "leo mtemi wa sarafu, yule wa Ulaya, anakula mangapi?"

"Sita."

"Sita! Na mie mzee mzima napewa maharage. Kumbe bora nife, nizikwe huko Ulaya, nami nipikiwe mayai."

"Ufe kwanza, ndipo tutaona," Candide akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Kazi ya pale ilikuwa hivi. Mwadini, Mzanzibari aliyerithi ufuaji wa fedha kwa baba yake, alichukua mapambo yaliyovunjika, akayayeyusha, akayafua mpaka yakawa bati jembamba kama ganda la kitunguu. Alain, mwana wa pekee wa Candide, alichonga picha kwenye chuma: kichwa cha mtu katikati ya minara miwili, ndege aliyetanua mbawa, mkono ulioshika upanga. Kipande cha bati kiliwekwa juu ya chuma kile, ngozi ya ng'ombe ikawekwa juu yake, nyundo ikashuka mara moja. Picha ikavimba upande wa mbele, na nyuma pakabaki bonde lenye umbo lile lile, kama uso uliobonyezwa kwenye unga. Upande mmoja una mtu, upande wa pili una nafasi yake tu.

Kisha sarafu zikaja kwa Candide kuzeeshwa. Yai likichemshwa sana, likapondwa bado lina moto, likafungiwa ndani ya kopo pamoja na fedha, mvuke wake huitia weusi fedha ile mpaka ukadhani imelala ardhini tangu enzi za mababu. Alihitaji jicho tu. Ukiwahi kufungua, sarafu ni ya jana. Ukichelewa, imekuwa masizi. Na jicho Candide alikuwa nalo. Hakuwa msemaji sana, lakini kitu kilichopita mbele yake alikuwa amekiona.

Mwenye karakana alikuwa Sidney, Mkenya aliyewahi kuwa mtu wa benki kabla hajaingia kwenye biashara ya vitu vya kale. Yeye ndiye aliyewaeleza kwamba sarafu zile ni mfano wa fedha ya Glogów, utemi mdogo wa huko Poland, wa miaka mia saba na zaidi iliyopita.

"Huyo mtemi alikuwa mjanja, mama," alimwambia siku moja, akimega ugali. "Kila mwaka, siku ya soko, watu wake wanapita: leteni fedha ya zamani mpewe mpya. Unaleta nyingi, unarudishiwa kidogo. Kinachobaki ni chake. Na ukipatikana na ya zamani baada ya hapo, una kesi. Sasa watu wakafanya nini? Wakazificha kwa vyungu, wakachimba, wakafukia. Ndiyo maana mpaka leo wakulima wa huko wanazitoa kwa shamba."

"Na wale waliofukia? Hawakurudi kuzichukua?"

"Walikufa. Vita, njaa, nani anajua. Hao ndio wanatupa kazi."

Candide aliendelea kusugua sufuria. Aliwaza karatasi zake za ukimbizi, jinsi kila zilipokaribia kuisha alivyokwenda kusimama kwenye foleni kabla jua halijachomoza ili apewe nyingine, na jinsi alivyotoka pale kila mara akijiona amepunguka, ingawa karatasi ilikuwa mpya. Akawahurumia watu wa Glogów, ambao hakuwajua.

Sidney alisema sarafu ni za shule. Watoto wa Ulaya, alisema, hawaruhusiwi kushika zile halisi, basi wanapewa hizi. Candide alijiuliza mtoto wa shule ana haja gani na fedha iliyozeeshwa. Akamwuliza mwanawe.

"Mama, eish," Alain akasema. "Watoto wanapenda kitu kifanane na chenyewe."

Akaliacha hapo. Mumewe alikuwa amefia kambini Kigoma, akimwachia mtoto wa kubeba mgongoni na rozari ya mbao. Candide amekuja naye mpaka Johannesburg, amemkuza nyuma ya pazia katika chumba cha kugawana kule Joubert Park, na sasa kijana ana ufundi na mama ana kazi. Mkono mtupu haulambwi. Mtu aliyeshiba kidogo hafukui sana.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo hakufundishwa na mtu pale karakanani. Mama yake Candide, kabla hajakata mkate au kufunga gunia la maharage, alikuwa akiuchora msalaba juu yake kwa ukucha. Nyumba nzima ilikula vitu vyenye msalaba. Candide naye alifanya hivyo kwenye ugali kwa ncha ya mwiko, kwenye donge la chapati kwa kidole, na fedha ilipoanza kupita mikononi mwake, akaifanyia vivyo hivyo. Alichukua sindano, akaigeuza sarafu, na pale ndani ya bonde, nyuma ya shingo ya yule mtu wa minara miwili, akachora msalaba mdogo kuliko punje ya ulezi, kwa mkono mwepesi ili bati lisitoboke. Akasema moyoni, Baba, hii ni kazi ya mikono yetu. Kisha akaiweka kwenye yai. Weusi uliingia na kwenye mkwaruzo, hata msalaba nao ukaonekana wa kale. Hakuwaficha watu, wala hakuwaambia. Nani hutangaza kwamba anapumua?

Alhamisi moja Sidney akaingia mchana bila salamu. Akaweka simu yake juu ya meza ya Alain, akawaita wote.

"Nani anachorachora hizi vitu?"

Kwenye simu kulikuwa na picha za sarafu zilizogeuzwa mgongo, zimekuzwa mpaka kila moja ilijaa kioo. Candide aliuona mkono wake mwenyewe. Msalaba ulikuwa mkubwa, mweusi, mistari miwili iliyopishana, mmoja umeinama kidogo kwa sababu kidole chake cha shahada kilivunjika utotoni.

"Watu watatu wamenunua, miji tofauti," Sidney akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilitisha kuliko kelele. "Kila mmoja aliambiwa yake imetoka kwa chungu kingine, shamba lingine. Hawa watu wa sarafu wanaongea, wanaonyeshana kwa mtandao. Mmoja amegeuza yake, mwingine amegeuza yake. Vyungu vitatu, msalaba mmoja! Mnadhani wazungu ni wajinga?"

Hivyo ndivyo Candide alivyojua kwamba hakukuwa na shule.

"Wale jamaa walioweka pesa kwa hii biashara wananiuliza jina," Sidney akaendelea. "Pesa yao watataka baadaye. Leo wanataka jina. Wanasema kuna mtu hapa ametia alama makusudi, tushikwe."

Akamtazama Alain, kwa maana sindano na patasi zote zilikuwa kwenye meza ya Alain. Alain alikuwa ameinamia simu. Mama yake akaona shingo yake ikikakamaa. Kijana akainua macho, akamtazama mara moja tu, akayashusha. Mtoto aliyekula mkate wenye alama tangu hana meno hahitaji kuambiwa.

"Si mimi," Alain akasema. "Mimi ningetia alama ningetia kwenye chuma, si kwenye fedha. Mwulize Mwadini. Yeye ndiye anabaki humu peke yake mchana, sisi tukitoka."

"Nabaki nasali adhuhuri," Mwadini akasema. "Na huo ni msalaba, Sidney. Mie na msalaba wapi na wapi?"

"Huo ndio ujanja wenyewe. Ungeweka mwezi na nyota ndiyo tukujue?" Sidney akauliza.

Mwadini akacheka. Candide akadhani amelichukulia kuwa mzaha. Hakuna mwingine aliyecheka, na kicheko chake kikazunguka karakana peke yake, kikakosa pa kutua.

Candide alikuwa na upawa mkononi. Alifungua mdomo. Alain akapita mbele yake kama mtu anayefuata maji, na alipopita akambana kiwiko, kwa nguvu. Mdomo wa Candide ukafumba.

Jioni ile, nyuma ya pazia lao, alimwambia mwanawe, "Ulijua ni mimi."

"Nilijua."

"Na ukataja mtu."

"Nikataja mtu asiye na mama humu ndani." Alain alikuwa akifungua kamba za viatu na hakumtazama. "Ulitaka niseme nini? Ni mama yangu, amebariki sarafu za bandia? Wale watu hawajui baraka, Mama. Mwadini atafukuzwa, basi. Ataenda kwa watu wake mtaa wa Mayfair, wiki ijayo ana kazi nyingine."

"Nani kakuambia atafukuzwa tu?"

Alain akavua kiatu, akakisukuma chini ya kitanda.

"Nitasema kesho," Candide akasema.

"Ukisema, wananishika mimi kwa uongo na wewe kwa alama. Halafu tubaki na nani?"

Candide akasema, "Basi niombe kwanza."

Hapo ndipo alipopotea. Mtu akiona paa la jirani linawaka, hasemi aombe kwanza. Huchota maji, na dua huisema njiani akikimbia. Candide alilijua hilo. Lakini aliishika rozari, na rozari ilimpa mahali pa kukaa bila kusema, akaimaliza akaianza tena. Akajipangia: Jumapili, baada ya misa, atamwuliza padri. Jumapili haikuwa mbali.

Ijumaa Mwadini alifika kazini kama kawaida, ameoga, ananukia udi, kanzu yake imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alifua bati asubuhi nzima bila kusema na Alain, wala Alain na yeye. Ilipokaribia saa ya sala, akachukua mfuko wake, akapitia jikoni. Jiko lilikuwa kwenye kona karibu na mlango wa nyuma, na hapakuwa na mtu ila wao.

"Mama Alain. Leo umenuna. Mtemi kakukopa mayai hakulipa?"

"Sijanuna."

"Haya." Akasimama. Alikuwa mtu wa haraka, lakini siku ile alisimama pale, anakunja na kukunjua mdomo wa mfuko wake. "Basi niwekee chakula changu. Nikirudi nakula."

Neno lilikuwa kooni kwake, limeiva. Lilitaka pumzi moja tu.

"Nenda salama," Candide akasema.

Akaenda. Candide alifunika sahani yake kwa sahani nyingine. Alasiri ikapita, wali ukapoa, Sidney akafunga lango mapema na kuwaambia waende nyumbani. Mwadini hakurudi.

Jumamosi asubuhi Candide hakuvua hata kitambaa chake cha kichwani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile chumba cha kioo ambacho Sidney alikiita ofisi. Alikuwa amechukua sarafu moja ambayo haijaingia kwenye yai, ingali inang'aa, na sindano yake. Akaiweka mezani kifudifudi, akachora. Akamsogezea.

Sidney aliitazama. Akatoa simu yake, akaweka picha kando ya sarafu, akatazama ile, akatazama hii. Uso wake ukalegea kama wa mtu aliyeamshwa.

"Mama, kwa nini?"

"Ndivyo nilivyolelewa. Sikuwa na nia. Wapigie wale watu uwaambie si Mwadini."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Jina likishatoka halirudi, mama. Niliwapa Alhamisi, hata kabla sijatoka hapa."

"Ulisema wanauliza tu."

"Waliuliza, nikajibu." Akairudisha sarafu upande wake kwa kidole kimoja. "Sasa nisikilize. Haya maneno sikuyasikia. Nikiyasikia, nitakuwa nimesikia pia kuhusu kijana wako, alivyowadanganya. Umeelewa? Enda nyumbani."

Candide aliiacha sarafu pale pale. "Nimesema," akasema. "Kama hukusikia, hilo ni lako na Mungu."

Alikwenda Mayfair kwa miguu, akakatiza mji mzima, akipita kituo cha treni na wauza soksi na machungwa, akisimama kwenye kila robot, zile taa za barabarani, pamoja na watu wenye haraka zao. Hakuwahi kufika mtaa ule. Hakujua Mwadini analala wapi. Alijua tu anakosali. Mbele ya msikiti kulikuwa na mkahawa wa chai, na Msomali aliyekuwa akipanga birika alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yule fundi fedha? Wewe ni nani wake?"

"Tunafanya kazi pamoja."

"Walimchukua hapo." Akaonyesha kona kwa kidevu. "Watu walikuwa wanatoka kusali, kila mtu anatafuta viatu vyake. Gari ikasimama, wakamwita kwa jina, akaenda. Tulidhani anawajua. Jioni walimtupa chini ya daraja. Vijana wetu wamempeleka hospitali. Yuko hai." Akamtazama tena. "Kwa sasa yuko hai."

Candide alirudi Joubert Park. Alain alikuwa amelala na nguo zake.

"Vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Kumwona Mwadini hospitali."

Kijana akaketi. "Mama, wakiniona huko watajua..."

"Vaa viatu, Alain."

Alivaa. Lakini walipofika wodini akabaki kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti. Mama yake akaingia peke yake.

Hakumtambua upesi. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, na mdomo umevimba upande. Mkono wa kulia, ule wa nyundo, ulikuwa umefungwa mpaka kwenye kiwiko na kuinuliwa juu ya mto, mkubwa kama mtoto mchanga aliyeviringishwa.

"Umekuja," Mwadini akasema.

"Nimekuja. Mwadini, ule msalaba..."

"Nnaujua. Hata chapati zako unazitia. Nilipoiona ile picha tu nikajua ni mkono wa nani."

Candide akashika chuma cha kitanda. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Nikasema, atasema mwenyewe. Ndiyo maana nilicheka. Nikajiambia, mtu wa sala kama yule hawezi kuniacha nilale na jina lake." Alisema polepole, akiyapitisha maneno kando ya meno yaliyovunjika. "Ijumaa nikaja nikasimama pale jikoni. Nikakungoja. Ukaniambia niende salama."

"Ndiyo."

"Walikuwa wakichoka kunipiga wanapumzika, wanavuta sigara, wanaanza tena. Kila walipopumzika nikasema, sasa Mama Alain anafika. Sasa hivi. Sikukutaja. Usidhani ni wema. Nilikuwa na hasira na weye mpaka nikaona, nikikutaja nitakuwa kama nyie."

Mkono wa Candide ulikuwa umeshaingia mfukoni, umeshapata zile punje za mbao. Mwadini aliona.

"Usiniombee. Umeshaomba vya kutosha. Kaa tu."

Akauondoa mkono. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, viganja juu ya mapaja, hajui la kuvifanyia. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akimwita mtu kwa Kizulu, jina lile lile, bila kuitikiwa.

"Na mkono?" Candide akauliza.

"Daktari anasema labda vidole viwili vitafanya kazi. Hivi vingine hajui. Nyundo sishiki tena."

Candide akainuka, akatoka mpaka kwenye benchi. Hakumfokea mwanawe. Alimshika mkono kama alivyomshika siku walipovuka mpaka wakija Johannesburg, alipokuwa mdogo na hataki kutembea, akamwingiza wodini, akamsimamisha mbele ya kitanda.

"Mwambie mwenyewe."

"Mama..."

"Mimi langu nimelisema. Lako siwezi kulisema."

Alain alitazama ule mkono uliofungwa. Yeye mchongaji alijua vidole vina thamani gani.

"Nilitaja jina lako," akasema. "Nilijua si wewe."

Mwadini alimtazama kwa jicho lake moja. "Nimesikia," akasema, akageuza uso ukutani.

Mhudumu akaja na kitoroli cha chakula, akaweka bakuli la supu na kipande cha mkate kwenye meza ndogo, akauliza kwa Kiingereza kama kuna ndugu wa kumlisha, kwa sababu yeye ana wodi nzima. Candide akasogeza kiti chake, akanyoosha mkono kuchukua kijiko.

"Si wewe," Mwadini akasema, bado ametazama ukuta. "Yeye."

Alain akaketi ukingoni mwa kitanda. Mikono ile iliyoweza kuchonga shingo ya mtu ndogo kuliko ukucha, bila kuteleza, haikuweza kufikisha supu mdomoni. Ilimwagika kwenye kidevu, ikaingia shingoni, ikalowesha shuka. Mwadini hakumsaidia, wala hakujifuta. Alimeza kilichofika, akafungua mdomo tena, akangoja.